Sufuria ya Mama Lin na Waliokuja Kuionja

Nimestaafu. Nimevua aproni, nimewaachia visu, na magoti yangu yamefurahi kuliko mimi mwenyewe. Wenzangu niliowaacha jikoni, wengi wao vijana wa Kongo na Burundi, wameniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa, lakini najua wanachokitaka ni vipimo vya viungo vya wali wa nyama. Vipimo sivitoi hapa. Njooni kwangu South Beach na vitunguu vyenu, nitawaonyesha kwa mkono. Habari za mshahara nitaziruka kwa sababu zitawakatisha tamaa, na cheo changu hakikupita mpishi mpaka siku niliyoondoka. Nataka kuandika juu ya chakula chenyewe cha Taiwan, maana nimechoka kuwasikia watu wakikinanga mbele yangu kana kwamba mimi ni ukuta, na ipo siku maneno yao yalikaribia kukiua.

Nilifika Durban kutoka Bukavu nikiwa na binti yangu Furaha mgongoni na Kifaransa kisichonunua hata mkate mahali hapa. Nilisuka nywele kwenye saluni ya Mkongo mwenzetu hadi vidole vikafa ganzi. Kisha jirani akaniambia kwamba kuna mgahawa wa Wachina karibu na mtaa wa Point unaotafuta mtu wa kuosha vyombo. Haukuwa wa Wachina. Mwenye mgahawa alinisahihisha kabla sijamaliza salamu. "Taiwan," alisema, na akanitazama mpaka nikarudia: Taiwan.

Huyo ndiye Mama Lin. Yeye na mumewe walikuja nchi hii kufungua kiwanda cha sweta huko ndani ya mkoa, mbali na bahari. Kiwanda kilifungwa, mume akafariki, naye akateremka Durban na mtoto mmoja, Jason, na vyombo vyake vya kupikia. Mimi aliniita Mama Furaha tangu siku ile, kama wanavyoniita watu wa kwetu, kwa sababu nilimtajia jina la mtoto kabla ya langu. Tuliongea Kiingereza cha jikoni, kile chenye vitendo vingi na salamu chache, kwa hiyo maneno yake na ya wengine ninayaandika hapa kwa Kiswahili.

Asubuhi ya kwanza nilikuta sufuria kubwa imejaa mchuzi mweusi wa jana. Kwetu, kumpakulia mgeni chakula cha jana ni kumtukana yeye na ukoo wake. Nikaona nianze kazi vizuri, nikaibeba sufuria kwenda kuimwaga kwenye sinki. Mama Lin alitoka stoo kwa mbio nilizokuwa sijaziona kwa mtu wa umri wake, akashika mkono wa pili wa sufuria. Tukavutana. Mimi navuta kwa heshima ya wageni, yeye anavuta kwa sababu ambayo bado sikuijua.

"Huyu hamwagwi," alisema. "Huyu ni mkubwa kuliko Jason."

Alipotulia alinieleza. Mchuzi ule aliuanzisha alipofika Afrika Kusini. Kila jioni unachujwa, unachemshwa, unahifadhiwa. Kila asubuhi unaongezwa maji, sosi ya soya, mdalasini, kile kiungo chenye umbo la nyota, nyama mpya, na sukari ya mawe. Unaliwa, unaongezwa, unaliwa, unaongezwa. Wa leo unapikwa ndani ya wa jana, na ladha haianzi upya. Nilimwitikia kwa kichwa, moyoni nikasema mwanamke huyu ana wazimu na wateja wake watajaza hospitali. Nilisubiri mwezi mzima mtu aumwe tumbo. Hakuumwa mtu, nami nikaanza kuonja.

Kupika nilijifunza kwa kupigwa makofi mkononi. Mama Lin hakuwa na mizani. Vitunguu vidogo vyekundu vikikaangwa lazima uviopoe kabla havijaonekana kuiva, maana vinaendelea kuiva vikiwa nje ya mafuta. Ukisubiri viwe vya rangi unayoitaka, umeshavichoma. Nyama ya nguruwe, ile inayopikwa ndani ya mchuzi na kupakuliwa juu ya wali, ikatwe kwa kisu, na ngozi yake, na mafuta yake. Mashine inaifanya tope. Ninyi mnaopenda mashine, nawaona. Moto wa mchuzi uwe mdogo kiasi kwamba unasikia sauti lakini huoni fujo. Nikikosea, kofi. Nikipatia, kimya. Nilizoea kukihesabu kile kimya kuwa sifa, na sifa nyingine sikuwahi kupewa.

Tulikuwa pia na tofu, ile jibini ya maharage ya soya, ya aina inayonuka. Siwezi kuipamba, inanuka. Wapangaji wa ghorofa ya juu walimwita fundi wa mabomba mara kadhaa, na kila mara fundi alifungua mifereji yote, akainusa, akaifunga, akaondoka akitikisa kichwa. Mama Lin alimpakulia sahani kila alipokuja. Baadaye alikuwa akija bila kuitwa.

Lakini vita vyetu vikubwa vilikuwa vya sukari. Mama Lin ni mtu wa kusini mwa Taiwan, na huko, alivyoniambia, sukari inaingia kwenye kila kitu. Déo, Mrundi aliyesimamia karai la kukaangia, siku yake ya kwanza alionja wali wa nyama akakunja uso.

"Eish, Mama Furaha, hii iko nyama ao iko dessert?"

"Iko kazi," nikamwambia. "Koroga."

Sasa niwaambie habari za wateja. Waafrika Kusini wengi huenda Taiwan kufundisha Kiingereza, na wakirudi huwa na jambo la kusema kuhusu chakula cha kule. Wapo Waingereza na Wamarekani walioishi kule pia, kisha maisha yakawaleta Durban. Wapo Wataiwani wenyewe wanaofanya kazi bandarini. Wote walikuja kwetu, na hakuna siku waliyokubaliana. Mimi nilikuwa nikipeleka sahani na kuondoa sahani, na masikio yangu hayakuwa na likizo.

Watatu ndio walionijaza masikio. Wa kwanza ni Craig, kijana wa hapa hapa Durban aliyefundisha Taipei miaka kadhaa. Kwake chakula cha Taiwan ni mafuta matupu yasiyo na ladha, tambi zilizolala majini, na nyama unayoitafuta kwa tochi. Aliyasema hayo kila Ijumaa, kwa sababu kila Ijumaa alikuja kula. Wa pili ni Heather, Mwingereza mtu mzima aliyeishi kusini kwa akina Mama Lin. Kwake duniani hakuna chakula kinachofika pale. Alifumba macho akila, na meza ya jirani ilipata mhadhara hata kama ilikuja kula tu. Wa tatu ni Bwana Chen, fundi wa injini za meli, mzaliwa wa Taipei. Yeye alisema chakula cha Taiwan ni kizuri sana, ila hiki chetu hakihusiki, kwa sababu kina sukari kama cha mtoto.

Watu wa namna hii, wanaokwenda kuishi nchi za watu kwa hiari yao, wanaitwa ma-expat. Nililijifunza neno hilo mezani kwao. Mimi pia nilitoka kwetu nikaja kuishi kwa watu, lakini mimi nimepewa jina jingine, na majina mengine ambayo sitayaandika kwa sababu wajukuu wangu wanajua kusoma. Craig alikwenda nchi ya watu, akala vyakula vyao, akarudi akasema havina ladha, na watu wakavuta viti wamsikilize. Mimi nikisema ndani ya taxi kwamba pap ya hapa ni ugali uliokata tamaa, nitaambiwa nirudi kwetu kabla hatujafika robot inayofuata, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani hapa. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kuniuliza naonaje chakula cha Afrika Kusini, wala cha Taiwan. Iliniuma, na ninasema hivyo wazi.

Kwa kuwa sikuulizwa, nilisikiliza. Kidogo kidogo nikaanza kusikia kilichokuwa chini ya maneno yao. Craig alikaa Taipei kwenye chumba juu ya gereji ya pikipiki, na mchumba wake alimwacha huko huko. Heather alipendwa huko kuliko alivyopendwa mahali pengine popote, na aliyempenda amefariki. Bwana Chen alikuwa na mama aliyepika bila sukari, na hajamwona tangu aanze kazi ya meli. Nilimweleza Déo hayo tukiosha karai.

"Donc, shida haiko kwa chakula," alisema.

"Haiko kabisa."

"Basi waende kwa pasta, awaombee."

Miaka ikaenda. Magoti ya Mama Lin yakakataa ngazi za mgahawa, akahamia kwa Jason huko Overport na kuniachia jiko. Jason alikuwa amekua hapa, Kiingereza chake cha Durban, Kizulu cha kutosha kubembeleza polisi wa barabarani. Ni mtu mwema. Binti yangu alipoolewa alileta kreti za soda na akacheza mpaka viatu vikafunguka. Nawaambia haya msije mkamchukia kwa yanayofuata.

Wateja walipopungua, Jason akaanza kuzungumza habari za kuku wa kukaanga, sushi, nyama ya sosi tamu na chachu, na ile chai ya maziwa yenye vidonge vyeusi. Vidonge vile vinatengenezwa kwa muhogo. Muhogo wetu ulizunguka dunia yote ukarudi ukiwa gololi ndani ya kikombe cha plastiki, na vijana wanapanga foleni. Chai sikuipinga. Nilichopinga ni alichosema baada ya hapo, kwamba majiko ya kukaangia yanahitaji nafasi, kwa hiyo sufuria ya mchuzi itaondoka, na wali wa nyama pamoja nayo.

"Hata walioishi kule wanasema si kizuri, Mama Furaha," alisema.

"Wepi?"

Akasema atawaita waonje, ili kusiwe na maneno. Wakikubali, sufuria inabaki. Wakikataa, inamwagwa. Na aliowaita, mnawajua tayari.

Walikuja mchana tumefunga. Nilipika kama ninavyopika siku zote, kwa makusudi, bila kuongeza wala kupunguza kitu, maana sikutaka mtu aseme baadaye kwamba walionja kitu kingine. Jason aliniomba nibaki jikoni. Nikabaki, lakini kile kidirisha cha kupitishia sahani hakina pazia.

Craig alisema mafuta. Heather alisema Craig hajui kula. Bwana Chen alisema sukari. Heather akasema kusini ndiko chakula kilikozaliwa. Bwana Chen akacheka kwa adabu, na kicheko cha adabu cha Bwana Chen ni kibaya kuliko tusi. Craig akasema kule alikonda. Wakaanza kugombana juu ya mtaa fulani wa Taipei, kama kulikuwa na muuza tambi kwenye kona au hakuwako, wakasahau kabisa kwamba wako Durban. Mimi nilitazama bakuli zao. Huku wanabishana walikuwa wanakula, na wote watatu walimaliza. Bwana Chen alikwangua.

Walipoondoka Jason aliingia jikoni, amechoka.

"Mmoja anakubali, wawili wanakataa. Samahani, Mama Furaha. Imwage."

"Bakuli zao umeziona?"

"Wamekula kwa adabu tu."

"Craig hana adabu hiyo."

Alitaka kucheka, akajizuia. Kisha akasema neno ambalo nilikuwa nimelingoja miaka yote bila kujua. "Wewe mwenyewe hujawahi kufika Taiwan. Unajuaje kama ni kizuri?"

Damu ilinipanda. Ni kweli sijafika. Ndege niliyopanda maishani ni moja, na haikwenda huko. Lakini mikono hii imekata ile nyama mpaka kidole cha shahada kimepinda, na nilikuwa nimesimama kwenye moto ule wakati Jason bado anaulizwa kama amefanya homework.

"Wewe hujafika Bukavu," nikamwambia, "na majani yangu ya muhogo, ile sombe ya Krismasi, ulimaliza sufuria. Ulijuaje?"

Akachukua kitambaa akaanza kufuta meza iliyokuwa safi.

"Mama yako anajua kwamba unamwaga?"

Akaendelea kufuta, nikaelewa kwamba hajamwambia. Mwanamume mzima, mwenye gari na ndevu, alikuwa anamficha mama yake sufuria.

"Basi mimi simwagi," nikasema. "Hii ni ya mama yako. Utaimwaga mbele yake. Lete gari."

Nilipakua wali kwenye chombo, nikafunga mfuniko wa sufuria kwa kitambaa, na Déo akaibeba mpaka barabarani, jasho likimtoka, ananinong'oneza njia nzima.

"Patron atakufukuza, Mama. Mi nakwambia. Utafukuzwa leo."

"Anifukuze nikiwa Overport."

Tuliiweka kwenye sakafu ya nyuma, nami nikaibana kwa miguu. Jason aliendesha polepole, na kila tulipopanda mlima mchuzi uligonga mfuniko. Nilikuwa na hofu. Umri wangu haukuwa wa kuanza kutafuta kazi, na hapa Durban mgeni akipoteza kazi hapotezi kazi peke yake. Lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko hofu, kwa hiyo nilikaa nayo.

Mama Lin alikuwa mbele ya televisheni, miguu juu ya kigoda. Alimwona mwanawe, akaniona mimi, kisha akaiona sufuria.

"Kwa nini huyu ametoka nje?"

Jason alipiga magoti akamweleza kwa lugha yao, kwa muda mrefu. Nilisikia majina ya Craig, Heather na Chen yakipita. Mama Lin hakubadilisha uso. Alinionyesha bakuli kwa kidole, nikampakulia. Akaonja, akatafuna, akameza.

"Tamu mno," akasema.

Jason alifungua mikono yake kama mtu aliyetuliwa mzigo, akanitazama. Mtu aliyenichapa makofi kwa kuisahau sukari, leo anasema tamu mno! Katika maisha yetu yote ya jikoni sikuwahi kumwambia Mama Lin hapana. Nilimwambia siku ile.

"Hapana, Mama. Sukari ni ile ile uliyonifundisha. Daktari amekukataza sukari, ulimi wako umesahau. Chakula hakijabadilika. Kula."

Jason alishtuka. Sidhani kama aliwahi kusikia mtu akimwambia mama yake maneno ya namna ile. Mama Lin alirudisha vijiti kwenye bakuli akaendelea kula. Alikula kwa hasira, lakini alikula.

"Craig ni yupi?" alimuuliza mwanawe katikati ya matonge. "Yule anayeweka ketchup?"

"Ndiye."

"Umemuuliza mtu anayeweka ketchup." Akatafuna. "Na huyu, umemuuliza?"

"Yupi, Ma?"

"Huyu anayepika!"

Jason aligeuka. Alikuwa bado amepiga magoti, kwa hiyo ilibidi anitazame kwa kuinua kichwa. Nadhani aliuliza kwa dhati, maana sauti yake ilishuka.

"Mama Furaha, wewe unakionaje chakula cha Taiwan?"

Kwa miaka mingi nilikuwa nimelitungia jibu swali hilo, nikiosha vyombo, nikisubiri taxi, nikiwa kanisani mhubiri akiwa amerefusha. Lilikuwa jibu zuri lenye maneno makubwa. Lilipofika swali lenyewe nikaona sitaki kusema uongo hata kidogo, tena mbele ya ile sufuria.

"Mimi napenda sombe," nikasema. "Sombe na ugali wa muhogo. Nikifika nyumbani jioni ndicho ninachopika, hiki chenu sikipiki. Lakini ni chakula kizuri. Nimekipika mpaka nimezeeka, nakijua kikiwa sawa na nakijua kikikosewa, na hakuna mtu atakayekimwaga nikiwa nimesimama. Sukari sipunguzi. Ukitaka kunifukuza, nifukuze sasa, nipate taxi kabla ya foleni."

Mama Lin alinisogezea bakuli lake tupu. "Ongeza," akasema. "Na mpakulie huyu mtoto, ana njaa, ndiyo maana anafikiri vibaya."

Jason alikula pale pale chini. Alipomaliza aliosha bakuli zote mbili mwenyewe, akafunga mfuniko kwa kitambaa, akaibeba sufuria mpaka kwenye gari turudi nayo mgahawani, bila kuniomba nishike upande mmoja. Akaiweka kwenye kiti cha mbele na kuifunga mkanda. Mimi nikakaa nyuma.